Mkanda wa Mgeni

Juzi wahudumu wa chanjo walipita nyumba kwa nyumba, wakamdondoshea kitinda mimba wangu matone mdomoni na kumpaka wino kidoleni. Dada yake akaniuliza, "Mama, hiyo polio inafanya nini? Mbona sijamwona mtu mwenye polio?" Nikamwambia alimwona: babu yake wa Kibokoni, mjomba wangu, aliyemshonea gauni lake la kwanza la Idi. Usiku nikalala nikimkumbuka mgeni wa 1999.

Mwaka huo klabu ya Baba ya Rotary, chama cha kujitolea chenye klabu duniani kote, ilipokea wageni wa Marekani kwa ziara ya urafiki. Nauli wanajilipia wenyewe na kulala wanalala majumbani mwa wanachama, ndivyo mpango ulivyo. Sisi tukapata mzee mmoja mrefu, mpole, mwenye kuchechemea. Fort Jesus, feri ya Likoni, Marikiti, karamu na kubadilishana vibendera vya klabu: yote yalikwenda vizuri.

Siku ya Mji wa Kale alichoka mapema. Baba akasema tupumzike kwa shemeji yake, na Mama alikuwa ameshatangulia na mahamri na mbaazi. Mjomba tulimkuta anashona kanzu. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, maana mguu wa kulia haukuweza kukanyaga. Mgeni akaitazama ile cherehani, akalitazama gongo lililoegemezwa ukutani, asiulize neno. Akaketi, akapandisha suruali mpaka juu ya goti.

Vyuma viwili vilishuka mpaka kiatuni, vimeshikwa kwa mikanda ya ngozi. Mmoja ulikuwa umefumuka, ameuzungushia plasta.

Mjomba akaiweka kanzu kando. "Muulize yalimpata ana miaka mingapi."

Sita, nikafasiri. Kiangazi cha 1952, mwaka ambao polio iliwapata Wamarekani wengi kuliko mwaka wowote.

"Mimi mitatu. Mwambie auvue, niutie uzi."

Akapaka uzi nta, akatunga shazia. Alipita kwenye matundu yaleyale ya zamani, moja baada ya jingine, akivuta kwa mikono miwili hadi uzi ukalia kwenye ngozi. Mgeni alikaa na mguu wazi, mwembamba kuliko mkono wangu. Katikati ya kazi Mjomba akapandisha kikoi chake, akaunyoosha wake kando ya ule. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na sikuwahi kuuona mguu wa Mjomba. Alikuwa akiufunika hata mbele yetu.

Mgeni akaeleza kwamba tangu 1985 klabu zao dunia nzima zinachanga fedha za kuwachanja watoto dhidi ya polio. Mjomba akasikiliza, kisha akauliza chanjo yenyewe ilipatikana lini.

"1955."

"Mimi niliugua 1964," akasema Mjomba, mkono haujaacha kuvuta. "Yeye aliugua haijakuwapo. Mimi ilikuwapo."

Baba akataka kuleta habari ya chai. Mgeni akamwinulia kiganja, akaniangalia mimi nifasiri, nikafasiri yote. Akasema ni kweli, ilichelewa. Hakuongeza la kujitetea, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Mjomba akamfunga mkanda mwenyewe, akakataa pesa: mgeni wa shemeji ni mgeni wake.

Tarehe 25 Agosti 2020, Afrika ilipotangazwa kwamba haina tena kirusi cha polio ya asili, Baba alimpigia Mjomba kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Mjomba alifurahi, nadhani kutushinda sote, akamwombea dua yule mzee na klabu zote. Kisha akamuuliza Baba: na ile miaka ya katikati, ya sisi wengine, iko katika hesabu ya nani? Baba, mwanachama wa miaka mingi aliyeipenda kazi ile kwa moyo wote, hakuwa na jibu. Mjomba ametangulia mbele ya haki, na mimi bado sijalipata.