Sikukuu ya Mavuno ya Shirakawa-go, Isiyomsubiri Mgeni

Kijiji cha Ogimachi, kitovu cha Shirakawa-go katika mkoa wa Gifu nchini Japani, kimelala kwenye bonde jembamba la mto Shogawa, kimezungukwa na milima ambayo katikati ya Oktoba huwa imeanza kubadilika rangi kuanzia vileleni kushuka chini. Nilifika kwa basi kutoka Takayama. Ni safari isiyofika saa moja, na sehemu kubwa yake hupita ndani ya mahandaki, hata abiria akawa anaona giza, kipande cha msitu, kisha giza tena, mpaka bonde linapofunguka na mapaa marefu ya nyasi yakajitokeza. Nilikuja kuona Doburoku Matsuri, sikukuu ambayo wanakijiji humshukuru mungu wao kwa mavuno ya mpunga na kumwomba ailinde jamii yao na milima inayowazunguka.

Wageni wengi huifahamu sikukuu hii kwa sababu ya pombe, lakini asubuhi yake haina pombe hata tone. Maandamano hutoka katika hekalu la Kishinto la Shirakawa Hachiman, lililo chini ya miti mirefu ya mierezi ya Kijapani, nayo huzunguka kijiji yakiwa na bendera za rangi, filimbi, ngoma na kijumba cha mungu kinachobebwa mabegani. Nyuma yake huja simba. Kichwa chake ni cha mbao, na mwili wake ni kitambaa kirefu ambacho chini yake wamejipanga vijana kadhaa, mmoja akikishika kichwa na wengine wakikiinua na kukitikisa kitambaa kwa mapigo ya ngoma. Nilisimama karibu kiasi cha kuona miguu yao tu, imevaa viatu vya nyasi zilizosokotwa, ikikanyaga udongo kwa pamoja, na kusikia pumzi za mtu aliyechoka chini ya kile kitambaa kizito. Simba hachezi kwa ajili ya kamera. Husimama mbele ya nyumba ambazo wenyewe wanamngoja mlangoni, hucheza, kisha huendelea na njia yake, na mtalii aliyetafuta mahali pazuri pa kupigia picha hubaki akitazama mgongo wake. Jambo hilo lilinipendeza kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Alasiri ndipo doburoku inapotolewa. Ni pombe ya mchele isiyochujwa, nyeupe na nzito, ambayo hutengenezwa hekaluni kwenyewe wakati wa baridi kali na kuachwa ikomae hadi vuli, na wenyeji husimulia kwamba imekuwa ikitolewa kwa mungu kwa takriban miaka 1,300. Mwaka 1899 serikali ya Japani ya enzi ya mfalme Meiji, ambayo ilitegemea sana kodi ya pombe, ilipiga marufuku watu kujitengenezea pombe nyumbani, na tangu wakati huo doburoku ya vijijini imebaki halali pale tu penye kibali maalumu, kama walicho nacho mahekalu ya hapa. Kwa maneno mengine, afisa wa kodi anayo nafasi yake katika ibada hii, ingawa hakuna anayempigia ngoma.

Inapokwisha sala, wanawake waliovaa aproni nyeupe hupita kati ya watu walioketi uwanjani wakiwa na vyombo vyenye mdomo wa kumiminia. Mgeni hununua kibakuli kidogo, na baada ya hapo hujaziwa kila kinapokwisha. Mimi si mnywaji. Nilionja kwa hadhari, nikakuta uchachu wa kwanza, utamu mdogo nyuma yake, na punje laini za mchele zilizobaki kwenye ulimi. Mama mmoja alipokuja kuniongezea nilifunika kibakuli kwa kiganja. Alitabasamu, akasimama palepale na chombo chake akisubiri niondoe mkono, na heshima ilinilazimu niuondoe. Waliokuja kwa gari hawakuwa na nafasi ya kusitasita namna hiyo, kwa kuwa sheria ya Japani tangu mwaka 2007 humwadhibu dereva aliyekunywa pamoja na abiria wake na hata aliyempa kinywaji.

Nikisubiri michezo ya jioni nilizunguka kutazama nyumba. Mapaa yake yamesimama wima mithili ya viganja viwili vilivyounganishwa kwa sala, ili theluji nyingi ya huku iporomoke badala ya kulundikana, na makombamoyo yake yamefungwa kwa kamba na fito za mti unaopindika, bila misumari. Zamani darini walifugwa viwavi wa hariri, na chini ya sakafu ilitengenezwa shura ya baruti. Kuezeka paa moja upya, kazi inayokuja baada ya miaka thelathini au arobaini, huwaita majirani wote kwa utaratibu wa kusaidiana unaoitwa yui, na mtu wa Upare kama mimi hawezi kuyasikia maelezo hayo bila kukumbuka msaragambo. Nyumba hizi ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, pamoja na zile za Gokayama, eneo la jirani. Wakazi wa Shirakawa hawafiki 2,000, ilhali wageni kwa mwaka hupita milioni moja. Mtu akizitafakari tarakimu hizo ataelewa kwa nini baadhi ya nyumba zimebandikwa matangazo ya kuwasihi watu wasiingie uani.

Niliketi karibu na mzee mmoja wa kijiji, nikamuuliza, kwa Kijapani changu cha darasani, kama umati huu hauwachoshi. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu kwamba watazamaji wakiwa wengi au wachache, simba atatoka. Kinachomnyima usingizi ni nani atakayekuwa chini ya kitambaa. Vijana kadhaa niliowaona asubuhi wanafanya kazi Nagoya na Kanazawa, na hurudi kwa ruhusa za kazini ili wacheze. Nadhani alikuwa akinieleza pia, kwa adabu ya watu wa huko, kwamba swali langu halikuwa la muhimu sana.

Kwa desturi Ogimachi husherehekea tarehe 14 na 15 Oktoba, kisha zamu huwa ya vitongoji vya jirani, Hatogaya tarehe 16 na 17, na Iijima tarehe 18 na 19. Mzee alinishauri nikirudi niende Iijima, ambako nitapata nafasi ya kukaa, na nisidhani nimekwisha kuijua doburoku, maana kila hekalu lina ladha yake. Ya kwao, aliongeza huku akijaziwa kibakuli, ndiyo nzuri zaidi.