Sentimita zinazobaki: kumbukumbu ya wiki 16 za nywele, Mtwara

Wiki ya 1: kupima kabla ya kupaka chochote

Nywele za kipilipili hazipimiki kwa macho. Zikikauka hujikunja hadi nusu ya urefu wake, pengine chini ya hapo. Nyoosha shungu dogo kwa kulizungushia uzi, kisha weka futi ya fundi cherehani kuanzia kwenye ngozi hadi ncha. Sehemu ni nne, zilezile kila mara. Kichwa tunachokifuatilia kwa wiki hizi 16 kimeanza hivi: paji sm 9, utosi 14, kisogo 12, juu ya sikio 7.

Nywele huota takribani sm 1 kwa mwezi, za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo, na kupaka mafuta hakuongezi kasi hiyo. Kwa hiyo kinachofuatiliwa hapa ni kiasi kinachobaki bila kukatika. Mtu husuka miaka mitano nywele zikabaki palepale masikioni, akadhani hazioti, kumbe ncha zinakatika kwa kasi ileile ambayo mashina yanaota.

Wiki ya 2: maji

Maji ya visima vingi vya karibu na bahari ni magumu au yana chumvi. Kuyapima ni rahisi: pikicha sabuni ya mche kwenye bakuli. Povu likikataa na ukaona utando mweupe unaonata, utando huohuo ndio unaobaki kwenye nywele. Zinakuwa kavu kama makumbi, chanuo linakwama, zinakatika katikati.

Sabuni ya mche imeachwa kabisa. Tunaosha kwa shampuu kila baada ya siku 7 hadi 10, na suuza ya mwisho ni lita 2 za maji ya mvua. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, basi kinga madumu mapema, na mvua ya kwanza iache ioshe bati. Maji ya mvua yakiisha, changanya kijiko 1 cha chakula cha siki kwa lita 1 ya maji, mimina, ngoja dakika 2, suuza.

Wiki ya 3: mafuta ya nazi, na kwa nini hupakwa kabla ya kuosha

Unywele ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na kuvimba na kusinyaa huko kila wiki kunauchosha. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele wenyewe na kupunguza maji unayonywa, ilhali mafuta mengi mengine hukaa juu tu. Ndiyo sababu vijiko 2 vya chakula hupakwa usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuanzia nchani kupanda juu. Ufuta, ambao Lindi na Mtwara haukosekani, unafaa baada ya kuosha: matone machache kwenye ncha, basi.

Kutengeneza: chukua nazi 4 zilizokomaa, zikune, kamua tui zito kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, funika hadi asubuhi. Chota ule utando mzito uliopanda juu, maji ya chini mwaga. Chemsha kwa moto mdogo kwenye sufuria pana huku ukikoroga. Chembe nyeupe zitajitenga, kisha zitaanza kuwa za kahawia. Sikiliza mlio: kutatarika ni maji yanayotoka. Mlio ukikoma, epua. Ukiepua mapema, maji yaliyobaki yatayachachisha mafuta; ukichelewa, yanaungua na harufu ya moshi haitoki nyweleni. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Utapata robo lita hivi, kutegemea ukubwa wa nazi. Asubuhi za Julai yanaweza kuganda, hayajaharibika.

Mwenye mba asipake mafuta haya kwenye ngozi ya kichwa, maana fangasi wa mba hula mafuta. Atumie shampuu yenye ketokonazoli, aiache dakika 5 kabla ya kusuuza. Mapunye ya watoto ni jambo jingine: huhitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, na chanuo la mtoto huyo lisiguse kichwa kingine.

Wiki ya 7: kufumua

Nywele za uzi zilikaa wiki moja moja, kisha msuko wa twende kilioni kwa wiki 4. Siku ya kufumua hutoka bonge la kutisha. Kwa kawaida kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwa siku 28 ni 1,400 hadi 2,800, na nyingi zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko. Usiangalie wingi. Tandaza kiasi juu ya karatasi nyeupe: ndefu zenye kishina cheupe upande mmoja zimemaliza muda wake, vipande vifupi visivyo na kishina vimekatika. Hivyo vifupi ndivyo vya kuhesabu. Hapa vilikuwa vichache, isipokuwa vilivyotoka juu ya masikio.

Wiki ya 12: vipimo

Paji 11, utosi 16.5, kisogo 14.5, juu ya sikio 7.5.

Sehemu tatu zimeongeza sm 2 hadi 2.5, ya nne nusu tu, na kosa linajulikana: kofia ya pamba ya ndani ya ushungi, yenye lastiki, ikivaliwa juu ya nywele mbichi. Pamba inanyonya mafuta, lastiki inasugua mahali palepale kutwa nzima, na unywele uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu. Imebadilishwa kwa kofia ya satini isiyobana, na ushungi haufungwi hadi nywele zikauke. Pia msusi ameombwa aache vinywele vya pembeni nje ya mistari. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, au vipele vikitokea kwenye mashina, fumua siku hiyohiyo. Ngozi ikishakuwa laini na ya kung'aa, hapo hapaoti tena.

Wiki ya 16

Juu ya sikio sm 8.5. Ncha zenye mafundo zimekatwa nusu sentimita kichwa kizima, kwa mkasi wa nywele tu, kwani ule wa karatasi hupasua ncha. Kipimo kijacho wiki ya 20, na hiyo nusu iliyokatwa itazingatiwa kwenye hesabu.