Jabez ndo nini?

Dada angu kajifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume, shemeji akarusha picha kwenye grupu la familia na maneno mafupi tu, "Karibu duniani Jabez". Kimya. Afu bibi, ambaye huwa anatuma voisi ya dakika 3 hata kama jibu ni ndio, akatuma ya sekunde 4: "Jebezi ndo nini?"

Kazi nikaachiwa mimi, eti ndo msomaji wa familia.

Kwenye Biblia ya Kiswahili kaandikwa Yabesi na ni rahisi sana kumpita, maana yuko 1 Mambo ya Nyakati sura ya 4, katikati ya yale majina ya ukoo wa Yuda ambayo wengi wetu tunarukaga. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mara mstari wa 9 mwandishi anasimama kumsimulia mtu mmoja, baba yake hatajwi, ndugu zake hawatajwi, tunaambiwa tu kwamba aliheshimika kuliko wao na kwamba mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa uchungu. Mistari 2 basi, majina yanaendelea.

Kiebrania linatamkwa kama Yaabetz, na hapa ndo panaponoga. Neno la uchungu alilotumia yule mama ni otzev, ndugu yake lile aliloambiwa Hawa kwenye Mwanzo 3:16, kwamba atazaa kwa utungu. Sasa tazama herufi: kwenye uchungu ni ayin, tzade, bet, ila kwenye jina, ukiiacha yod ya mwanzo, ni ayin, bet, tzade. Zile 2 za mwisho zimepishana, kama mtu alitaka kusema tabu akasema batu. Wapo wanaosema mama alifanya makusudi ili mwanae asije akaubeba uchungu wenyewe mzimamzima, na mi nalipenda hilo wazo, ingawa najua Waebrania walikuwa wanaunganisha majina na maneno kwa mlio tu mara nyingi.

Na mtoto alipokua akaomba abarikiwe, mipaka yake iongezwe, mkono wa Mungu uwe naye, alindwe na mabaya, na neno la mwisho kabisa la ombi lake linatoka palepale kwa mama yake, kwamba asiumie. Yani kalichukua jina lenyewe akalifanya sala. Akapewa.

Talmud, yale mafundisho ya marabi wa Kiyahudi wa zamani, inasema huyu Yabesi ndo Othnieli, yule mwamuzi wa kwanza, na jina wanalifumbua kivingine kabisa, kwamba ni mtu aliyeshauri na kueneza Torati. Afu kuna Rabi Jacob Emden wa Altona, Hamburg ya leo, 1697 hadi 1776, Wayahudi wanamwita Yaavetz hivihivi ila lake ni kifupi cha Yaakov ben Tzvi, uchungu haumo kabisa.

Hayo yote nikayaweka kwenye voisi, dakika 6, nikajua bibi atanuna tu, maana nani anampa mtoto jina la uchungu.

Nilisahau kitu kimoja. Bibi yetu anaitwa Tabu, mama yake alikaa na uchungu siku 2 ndo akampata.

Jibu likaja saa 3 usiku, sekunde 5: "Kumbe ni wajina wangu. Si mngesema, mleteni nimuone."