Traifo yangu ya maembe, na nanasi lililonitesa wiki nzima

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana tulikuwa na ugeni wa posa ya mdogo wangu hapa Isevya, Tabora, na mimi ndo nikapewa kazi ya kitu kitamu cha baada ya pilau. Nikasema safari hii sipiki kaimati wala tambi, nataka traifo, ile ya Waingereza inayopangwa kwenye bakuli la kioo, keki chini, jeli na matunda, kastadi, krimu juu, mtu akizamisha kijiko anachota rangi zote.

Wiki moja kabla nikajaribu. Nikakata nanasi bichi, yaani limeiva vizuri ila halijapita motoni, nikalitumbukiza kwenye jeli, nikaweka kwenye friji usiku mzima. Asubuhi maji matupu! Nikaacha mpaka mchana, bado maji, na keki ya chini imekuwa uji. Nikadhani pakiti imepitwa na muda nikanunua nyingine, nayo hivyo hivyo, hela inakwenda na roho inaniuma kweli. Ndo mama mmoja jirani anayeoka keki za oda akaniuliza, "Mwanangu, hilo nanasi ulilichemsha?" Kumbe nanasi lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya jelatini, ile inayoigandisha jeli, na papai hivyo hivyo, jeli haigandi hata ukeshe nayo, ila moto unakiua. Nikachemsha vipande na sukari kama dakika tano, nikaacha vipoe ndo nikatia. Baada ya masaa manne nikatikisa bakuli, jeli ikatetemeka tu haimwagiki. Jamani nilifurahi!

Siku yenyewe nikaanza usiku wa kuamkia. Keki Waingereza wanailowesha na divai, sisi nyumba ya Waislamu, nikachukua asali, na Tabora asali ndo kwao, vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na ndimu, nikanyunyiza kwa mkono, ukimwaga keki inakufa. Jeli nayo nilitafuta yenye alama ya halali.

Kastadi ndo inataka utulivu. Ule unga alianza kuutengeneza Alfred Bird kule Birmingham mwaka 1837 kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru, kwa hiyo hauna yai, ni wanga wa mahindi, na ukiutupa kwenye maziwa ya moto unapata mabonge hapo hapo. Koroga kwanza na maziwa ya baridi kidogo mpaka ulainike, halafu ndo umimine kwenye yanayochemka, mimi nusu lita ya maziwa naweka vijiko vinne vya chakula, mwiko usitoke sufuriani. Na iache ipoe kabisa, ukiimwaga ya moto jeli yote inayeyuka.

Juu ya kastadi nikapanga embe dodo, msimu wake ndo huo, halafu krimu. Saa nne asubuhi umeme ukakatika, nikakataza mtu yeyote kugusa mlango wa friji mpaka saa saba, na ikatoka bado ya baridi.

Bibi wa upande wa bwana harusi alikula kimya kimya. Alipofika chini akauliza, "Mwanangu, haya ya njano huku ni nini?" Nikamwambia nanasi, bibi, nimelichemsha. Akanisogezea kibakuli chake niongeze.