Kumpiga au kumpigia?

Kati ya "alimpiga makofi" na "alimpigia makofi" pana silabi moja tu. Aliyepatwa na la kwanza anakwenda polisi kuchukua PF3, fomu ya kutibiwa hospitalini. Wa pili yuko jukwaani anashangiliwa. Anayeandika Kiswahili kila siku hapa Dar, awe mwandishi wa habari, mfasiri au mtu wa mitandao, hukutana na kitenzi piga karibu kila ukurasa, na makosa mengi ya humo hayatokani na uhaba wa msamiati. Yanatokana na viambishi: nani aingizwe ndani ya kitenzi, na kitenzi kinyambulike vipi.

Kamusi inakufikisha nusu ya njia. Inaorodhesha piga simu, piga deki, piga lipu, piga chafya, piga soga, piga hodi, piga ramli, na orodha haiishi. Haiishi kwa sababu katika semi hizi piga chenyewe kimebaki na maana kidogo mno. Mzigo wote umebebwa na nomino inayofuata. Ndiyo maana kila kifaa kipya kikiingia mjini kinapokewa na kitenzi hikihiki. Taipu ilikuja ikapigwa, simu ikapigwa, eksirei ikapigwa. Hata ala za kupuliza, kama zumari na tarumbeta, hupigwa, ingawa hakuna anayezigusa kwa fimbo. Na mpigadebe wa Mbagala Rangi Tatu hana debe.

Lakini nomino hizo hazifanani tabia, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuigeuza sentensi iwe ya kutendwa, kisha kuangalia nini kimekaa mbele.

Ukisema "simu ilipigwa", "kura zilipigwa", "picha zilipigwa", nomino yenyewe ndiyo iliyokuja mbele, kwa kuwa ndiyo iliyofanywa. Sasa jaribu pasi. Huwezi kusema "pasi ilipigwa" ukimaanisha shati limenyooshwa. Unasema "shati limepigwa pasi". Vivyo hivyo sakafu imepigwa deki, ukuta umepigwa rangi, ubao umepigwa randa, viatu vimepigwa kiwi, mkutano umepigwa marufuku. Hapa pasi, deki na randa zinabaki nyuma palepale zilipo, na kinachokuja mbele ni kile kilichoshughulikiwa. Kundi la tatu ni la mwili: chafya, miayo, magoti, mbizi. Hilo halipendi kutendwa kabisa. "Chafya ilipigwa" ni Kiswahili cha kuchekesha watu.

Jaribio hilo linakuonyesha pia mahali pa kuweka sifa. "Alipiga simu mbili" ni sawa, maana simu ni jambo linalohesabika. "Alipiga deki nzuri" inakwaruza sikio. Sema "alipiga deki vizuri". Nawe ukisikia "alipiga pasi mbili", ujue tuko uwanjani, si kwenye nguo.

Sasa tuje kwa mtu. Swali la kujiuliza ni hili: jambo linamwangukia yeye, au linamwendea? Likimwangukia, anaingia moja kwa moja: kumpiga chenga, kumpiga mkwara, kumpiga faini, kumpiga mzinga, kumpiga jeki, kumpiga tafu. Jeki na tafu ni msaada, lakini msaada wenyewe unamgusa yeye, kama jeki inavyogusa gari, kwa hiyo hakuna -i-. Likimwendea au likifanyika kwa ajili yake, kitenzi kinadai -i-: kumpigia simu, kumpigia kura, kumpigia debe, kumpigia magoti, kumpigia mluzi. "Nimempiga simu" ni sentensi sahihi kabisa, ila maana yake simu ilirushwa ikampata. Mazoea yamekwenda mbali kiasi kwamba nomino inaweza kuachwa: "nipigie" peke yake inatosha, kila mtu anajua ni simu. Jihadhari tu usile hiyo silabi unapoandika ujumbe kwa haraka.

Picha ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu inakubali njia zote mbili kwa maana tofauti. Kumpiga picha ni yeye kuonekana kwenye picha. Kumpigia picha ni kumfanyia kazi hiyo: shamba ni lake, au harusi ni ya mwanawe, na yeye huenda hayumo pichani. Habari ikisema "waziri alipigiwa picha", msomaji makini anauliza picha ya nini. Kisha kuna utata mwingine ambao hakuna haja ya kuusahihisha: "nimekwenda studio kupiga picha" husemwa na anayepigwa, si mwenye kamera. Hospitali pia mgonjwa huambiwa "kapige picha ya kifua" na hakuna anayedhani atashika mtambo.

Vitu vikiwa vingi katika sentensi moja, fuata mpangilio huu: mtu ndani ya kitenzi, halafu kitu, halafu nomino ya kundi la pasi mwishoni. "Nipigie shati hili pasi." "Wapigie wageni chumba deki." Ukisogeza pasi karibu na kitenzi, "nipigie pasi shati hili", bado ni sahihi, na wengi husema hivyo. Ukiandika "nipige pasi shati", umeomba kuunguzwa.

Kutendwa kuna mtego wake mwingine, nao ni neno "na". "Alipigwa jiwe" inataka pawepo aliyerusha, hata kama hatajwi. "Alipigwa na jiwe" inaweza kuwa limeporomoka lenyewe. Katika taarifa ya polisi au ya mahakama tofauti hii si ya urembo, na mhariri anayeongeza "na" ili sentensi isikike vizuri huenda amemfuta mtuhumiwa. "Alipigwa fimbo tatu" ni hesabu ya mapigo; "alipigwa kwa fimbo" ni kutaja chombo, na chombo kinaweza kuwa kimoja kwa mapigo ishirini. Vya asili na vya moyoni vinatumia "na" bila ubishi: kupigwa na jua, na baridi, na butwaa. Shoti ya umeme husikika kwa njia zote mbili.

Umoja na wingi navyo vina kazi. Kofi ni la shavuni, makofi ni ya shavuni au ya ukumbini. Kupiga magoti ni kuomba au kusali. Kupiga goti moja, siku hizi, ni kuchumbia, na mara nyingi kuna mtu kando anarekodi. "Kupiga hatua" bila hesabu ni kuendelea; ukiongeza tatu, ni miguu.

Minyambuliko iliyobaki haina matata mengi. Pigana ni ugomvi, isipokuwa inapofuatwa na nomino: abiria wanaopigana vikumbo mlangoni mwa mwendokasi pale Kimara hawajagombana, angalau si wote. Ukiongeza -i- baada ya -an- unapata pigania, kama kupigania uhuru; ukiiweka kabla yake unapata pigiana, kama kupigiana simu. Pigika ina sura mbili: namba isiyopatikana haipigiki, na mtu aliyechoshwa na maisha amepigika. Pigisha ni ya wenye amri: kupigisha kwata, kumpigisha mtu magoti.

Nomino ya mtendaji ndiyo inayohitaji uangalifu wa mwisho. Ikifuatwa moja kwa moja na kijalizo, yaani nomino inayoikamilisha, tumia mpiga: mpiga picha, mpiga kura, mpiga ramli. Wapo wanaounganisha, mpigapicha, mpigakura, na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hutenganisha. Chagua mtindo mmoja uushike makala nzima. Kwa kitendo sema upigaji kura au upigaji wa kura, vyote vinakubalika. Usichoweza kufanya tena ni kukiacha kijalizo. Mtaani, na hata kwenye hotuba za wanasiasa, "fedha zimepigwa" maana yake zimeibwa, "nimepigwa" Kariakoo maana yake nimeuziwa feki au kwa bei ya kuruka, na mpigaji asiyetajwa anapiga nini ni mwizi wa mali ya umma. Kichwa cha habari cha siku ya uchaguzi kinachosema "Wapigaji wajitokeza kwa wingi vituoni" kimeokoa herufi chache kwa kuwatukana waliopanga foleni tangu alfajiri. Kama nafasi ni finyu, andika "Wananchi".