Nilivyoandika riwaya ya ukoo wetu wa Taiwan bila kuacha udaktari

Ushauri wa kwanza niliopewa ni niache kazi. Wa pili, ningoje nistaafu. Wa tatu, ambao hadi leo nikiukumbuka nakasirika, ulitoka kwa mwalimu wa darasa la uandishi hapa California: mkalishe bibi yako, weka kinasa sauti mezani, muulize aliyoyaona mwaka 1947. Nikafanya hivyo. Ama, ndivyo tunavyomwita bibi, alikitazama kile chombo, akasema mambo ya zamani yamekwisha, akatoka kwenda kumwagilia maua. Kwa majuma mengi hakutaka hata kusikia Taiwan ikitajwa. Mtu aliyelea watoto chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987, wakati neno moja mbele ya jirani mbaya liliweza kukufikisha gerezani kisiwani Lüdao, humwekei kinasa sauti!

Kilichonisaidia ni rejista. Wajapani walitawala Taiwan tangu 1895 hadi 1945, na waliandikisha kila kaya. Ofisi za usajili wa kaya bado zinazo kumbukumbu hizo, na mjukuu akithibitisha nasaba yake hupewa nakala. Ada ni ndogo, haifiki bei ya chakula cha mchana. Kilichonimaliza ni nauli ya ndege.

Basi nikaenda Chiayi, mji wa Ama. Binamu yangu alitaka tuchukue majina na tarehe tuondoke. Mimi nikakaa kwenye benchi nikaisoma kama faili la mgonjwa, safu kwa safu, maana Wajapani waliandika hadi nani amechanjwa ndui, nani anavuta kasumba na nani amefungwa miguu, ile desturi ya kuwabana wasichana nyayo kwa vitambaa zisikue. Mama yake Ama alifungwa miguu utotoni, kisha ikafunguliwa. Na juu ya jina la Ama palikuwa na mvulana, amechanjwa ndui, ambaye jina lake sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Niliporudi sikumuuliza Ama habari za mvulana yule. Mgonjwa anayeficha maumivu humuulizi maumivu, unamuuliza usingizi. Tukiwa jikoni tunachambua nyama ya bata mzinga ya kuweka juu ya wali, chakula ambacho watu wa Chiayi wanajivunia, nikasema, "Ama, usingizi ulianza kukukimbia lini?" Akajibu bila kuinua macho, "Tangu Machi ile, walipokuwa wakipiga watu risasi mbele ya stesheni. Kaka yangu alitoka kwenda kutazama."

Mwaka ule wa 1947, tarehe 28 Februari, wananchi waliinuka dhidi ya serikali ya Kuomintang, chama cha Wachina kilichotawala baada ya Wajapani kuondoka, na mwezi uliofuata wanajeshi walioletwa kutoka China bara wakaua maelfu. Mbele ya stesheni ya Chiayi, tarehe 25 Machi, waliuawa mchoraji Chen Cheng-po na daktari Pan Mu-chih, wote madiwani. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Ama alinipa yasiyomo vitabuni: nani alifunga duka, nani alikuja kuomba mchele, nani hakuja tena. Jina la kaka yake alilitaja mwenyewe. Sikushika kalamu mbele yake. Niliandika usiku, maneno yake peke yake kwanza, maoni yangu ukurasa mwingine, jinsi tunavyofundishwa hospitalini.

Wanaosema daktari hawezi kuandika riwaya hawamjui Lai He wa Changhua. Alitibu watu chini ya Wajapani huku akiandika hadithi, na leo anaitwa baba wa fasihi mpya ya Taiwan. Mimi nimepunguza zamu, naandika alfajiri, na hakuna mgonjwa wangu hata mmoja aliyeingia kitabuni. Hilo silijadili na mtu.

Wachapishaji kadhaa walinikataa. Mmoja alinitaka niweke dibaji ya kuwaeleza Wamarekani historia ya Taiwan. Nikagoma. Historia niliiweka midomoni mwa ndugu wanaogombania gunia la mchele, na msomaji anaielewa vizuri tu. Mchapishaji aliyekinunua kitabu hakudai dibaji.

Kitabu changu cha pili kinahusu miaka ya sheria ya kijeshi. Mwaka 2011 familia za waliouawa zilianza kurudishiwa barua za mwisho za ndugu zao, zilizokuwa zimefungiwa kwenye mafaili ya serikali kwa zaidi ya nusu karne. Nimeshaomba faili la shemeji yake Ama. Wenye ndugu waliofungwa miaka ile, ombeni sasa, msingoje wazee waanze wenyewe kuzungumza.