Kalibu ya jeletini: ikatekate, yeyusha, mimina tena

Walimu wa sanaa, kabla ya kununua silikoni ya kutengenezea kalibu jaribuni hii. Jeletini ya unga, glisarini na maji baridi, uzito sawa. Loweka jeletini kwenye maji dakika 15, tia glisarini, kisha yeyusha juu ya maji moto, kama nyuzi 60. Isichemke! Itapoteza nguvu, na mapovu yataacha vitobo. Imimine juu ya kitu unachotaka kunakili; ikiganda, kitoe, na kalibu ni tayari.

Kasoro yake kubwa huonekana ukimimina ndani yake plasta (unga wa jasi uliokorogwa na maji): plasta inapoganda hutoa joto, na nakshi za kalibu hulainika. Mimina plasta tabaka jembamba, itoe mara tu ikishika.

Kabla ya kuyeyusha kalibu upya, pangusa chembe za plasta na ongeza maji kidogo, maana jeletini hukauka. Iliyoota ukungu ipelekwe kwenye mboji.